Just Cause 3: mchambuzi amelaumu moto, kosa liko kwenye orodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu uchambuzi wa mchezo wa video wa Just Cause 3 mliouchapisha katika safu yenu inayotazama upya michezo ya muongo uliopita. Mchambuzi wenu alihitimisha kwa kusema kwamba anayetaka kulipua vitu ataridhika, na anayetaka kutumia akili atafute mchezo mwingine. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na nimeshindwa kuiacha ipite, kwa sababu inarudia kosa ambalo wachambuzi wengi walilifanya tangu mchezo huo ulipotoka mwezi Desemba 2015: inauweka ulipuaji upande huu na akili upande ule, kana kwamba mlipuko mzuri haufikiriwi kwanza. Mimi pia naona mchezo huo una kasoro, na baadhi yake ni kubwa kuliko zile alizozitaja yeye. Nakiri vilevile kwamba nimevikomboa visiwa vyote hadi mwisho, kwa hiyo silalamiki kama mtu aliyeonja akatema. Ninachokipinga ni mahali alipoelekeza lawama.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, niueleze kwa ufupi. Mfululizo wa Just Cause ulianza mwaka 2006, nao ni kazi ya Avalanche Studios, kampuni yenye asili ya Uswidi. Toleo la tatu liliongozwa na studio yake ya New York, likachapishwa na Square Enix kwa ajili ya konsoli (mashine za michezo) za PlayStation 4 na Xbox One, na kompyuta. Mhusika mkuu ni yuleyule, Rico Rodriguez, ambaye katika matoleo mawili ya kwanza alikuwa jasusi wa kuangusha watawala wa nchi za kubuni: San Esperito iliyoko Karibi, kisha Panau iliyoko Asia ya Kusini-Mashariki. Safari hii anarudi alikozaliwa, Medici, visiwa vya kubuni katika Bahari ya Mediterania vinavyotawaliwa kwa mabavu na Jenerali Sebastiano Di Ravello. Ardhi na bahari yake kwa pamoja ni takriban kilomita za mraba 1,000, na karibu kila mahali panafikika tangu mwanzo, kwa gari, kwa ndege, kwa boti, au kwa vifaa vitatu ambavyo Rico havui kamwe: ndoano ya kamba mkononi, mwavuli wa kushukia kutoka angani mgongoni, na vazi la mabawa lililoongezwa katika toleo hili.

Vifaa hivyo vitatu ndivyo kiini cha mchezo, wala si bunduki, ambazo kusema kweli ni za kawaida sana. Mchezaji huruka kutoka kilele cha mlima, akafungua mabawa, na kila anapoona mwendo unapungua anarusha ndoano kwenye ardhi iliyo mbele yake na kujivuta, hivi kwamba anaweza kuruka kutoka pwani hadi pwani bila kukanyaga chini. Sheria za maumbile zimepindishwa bila aibu. Rico akianguka kutoka mawinguni na kurusha ndoano ardhini sekunde moja kabla ya kufika, hufika salama, ingawa amejivuta kwa kasi kubwa zaidi kuelekea palepale ambapo angevunjika mifupa. Mchambuzi wenu aliuita upuuzi huo udhaifu. Mimi nauona kuwa ahadi: mchezo unamwambia mchezaji mapema kwamba humu ndani wazo lolote la kijasiri litapewa nafasi.

Nieleze tukio moja kwa karibu ili hoja yangu ieleweke. Nilikuwa juu ya ukuta wa kituo cha jeshi. Chini yangu palikuwa na matangi mawili ya mafuta yaliyopakwa mistari myekundu, mbele kidogo kulikuwa na rada, na katikati ya uwanja helikopta ilikuwa imetua, mapanga yake yakianza kuzunguka. Nilifunga kamba, ncha moja kwenye mkia wa helikopta na ncha nyingine kwenye tangi la karibu, kisha nikasubiri. Askari mmoja aliniona, king'ora kikalia, rubani akainua chombo chake. Helikopta ilipanda kama kimo cha ghorofa mbili, kamba ikakaza, mkia ukashuka na pua ikaelekea angani. Hapo nikabonyeza kitufe cha kuikunja kamba. Helikopta ilirudishwa kinyumenyume, ikalibamiza tangi. Tangi likapasuka upande mmoja tu, na moto uliokuwa ukitoka kwenye ufa ukaligeuza kuwa roketi isiyo na dereva. Lilizunguka uwanja, likapita juu ya vichwa vya askari waliokuwa wakikimbia, kisha likaangukia rada ambayo sikuwa na mpango nayo hata kidogo.

Tukio hilo lilidumu sekunde zisizozidi kumi na tano, nami nilikuwa nimelifikiria kwa dakika nzima. Nilipima urefu wa kamba, nikachagua mkia badala ya tumbo la helikopta, nikaamua kumwacha rubani apande kwanza ili uzito wake ufanye kazi kwa niaba yangu. Huko ni kutumia akili, Ndugu Mhariri, na ni akili ya aina ambayo michezo mingi ya kufyatua risasi haiiombi, kwa kuwa huko tangi la mafuta ni pambo linalopasuka kwa namna ileile kila linapopigwa. Waliotengeneza Just Cause 3 waliifanya kamba iwe na nguvu ya kuvuta, jambo ambalo halikuwapo katika toleo la pili, ambako kamba ilifunga vitu viwili na kuishia hapo. Wakaruhusu madaraja kuvunjika. Wakampa mchezaji mabomu ya kubandika yasiyokwisha, ili asiwe mtu wa kuhesabu risasi bali wa kubuni. Sehemu hii ya kazi yao ni ya mafundi hasa, na anayeiita kelele tupu hajaitazama.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Moshi ulipotanda juu ya kile kituo, maandishi yalijitokeza pembeni mwa kioo: rada moja kati ya moja, tangi moja kati ya mawili. Ni hayo tu. Kama ningeingia kwa mlango wa mbele, nikabandika bomu kwenye rada na jingine kwenye tangi, kisha nikarudi nyuma hatua kumi na kubonyeza kitufe, maandishi yangekuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Mchezo haukuona helikopta, haukuona kamba, wala haukuona tangi lililoruka. Uliona vitu viwili vilivyokuwepo na sasa havipo. Kweli, askari huongezeka kadiri mchezaji anavyowachokoza, magari ya deraya yakaja na helikopta nyingine zikafuata, lakini huja kwa kiasi cha fujo na si kwa namna yake, na hakuna mji unaojifunza lolote kutokana na yaliyoupata mji jirani.

Ukombozi wa Medici wote umejengwa juu ya hesabu hiyo. Kila mji una orodha yake ya vitu vya kuharibu: sanamu ya Di Ravello, mabango yake, vipaza sauti vinavyotangaza sifa zake, kituo cha polisi. Kila kambi ina yake: jenereta, transfoma, matangi, rada, dishi la mawasiliano. Vimepakwa rangi nyekundu ili visimpite mtu. Vikiisha, bendera ya waasi hupandishwa na eneo hubadilika rangi kwenye ramani. Mji wa kwanza ni sherehe. Mji wa tano mchezaji bado anajaribu mbinu, anaifunga sanamu begani na kwenye lami, anaivuta mpaka inakatika kiunoni. Ukifika mji wa ishirini, kitu cha ajabu hutokea, nami nililigundua hilo kwa kujitazama mwenyewe: nilikuwa nimeacha kubuni. Nilikuwa nikiruka kutoka bango hadi bango na kombora begani, nikipiga na kusonga, kama karani anayepiga mihuri jioni ya kufunga ofisi. Kisha kipaza sauti kimoja kilichojificha nyuma ya kanisa kikanipotezea muda mrefu kuliko ngome nzima, kwa sababu orodha ilikuwa ikisema viwili kati ya vitatu na bendera isingepanda bila hicho cha tatu.

Kwa hiyo, waliosema kwamba mchezo unajirudia walisema kweli, ila walikosea kusema kwamba kinachojirudia ni milipuko. Milipuko haikujirudia hata mara moja kwa yule aliyeitafutia njia mpya. Kilichojirudia ni swali ambalo mchezo ulimuuliza mchezaji, na swali likiwa lilelile siku zote, hata mtu mbunifu huishia kutoa jibu la mkato. Mchambuzi wenu alikuwa na nafasi ya kuieleza tofauti hii kwa wasomaji, akaipita kwa neno moja, "uchovu", akaendelea na mambo ya hadithi.

Jambo la pili ambalo naona halikupewa uzito wake ni vifaa kufungiwa. Ili kuboresha kamba, mabomu au magari, mchezaji anahitaji kukusanya gia, yaani alama za zawadi za mchezo huu, na gia hupatikana kwa kushinda changamoto zilizotawanywa ramani nzima: mbio za magari, mbio za boti, kuruka kwa mabawa kupitia mapete, kuharibu vitu kabla muda haujaisha. Changamoto zenyewe hufunguka baada ya maeneo kukombolewa, na kila moja hutoa gia tano kwa aliyefanya vizuri kabisa. Sina ugomvi na kuruka kupitia mapete, ambako ndiko nilikojifunza kuyatumia mabawa sawasawa. Ugomvi wangu ni kwamba uwezo wa kulenga kwa makini, yaani kusogeza macho karibu na shabaha, nao umewekwa miongoni mwa zawadi hizo. Mhusika aliyeangusha serikali mbili kabla ya kuja hapa anahitaji kushinda mashindano ya kuharibu vitu ndipo akumbuke kukodoa jicho! Vivyo hivyo kuongeza kamba, ambazo zinaweza kufikia sita kwa pamoja, na ambazo ndizo zingempa mchezaji sababu ya kubuni jipya katika mji wa ishirini. Vitu vya kuufanya mchezo usichoshe vimefichwa nyuma ya kazi ambayo mchezaji huifikia akiwa ameshachoka.

Najua wapo watakaonijibu kwamba toleo la pili, la mwaka 2010, lilikuwa bora zaidi. Siungani nao moja kwa moja. Panau nayo ilikuwa ni hesabu tupu: maboksi ya vipuri, matangi ya maji, asilimia zilizopanda kwa kidole, na vijiji vingi vilivyofanana kama punje za mchele. Tofauti ni kwamba kule fujo yenyewe ndiyo ilikuwa sarafu. Chochote cha serikali ulichokiharibu, popote ulipokiharibu, kilikuongezea alama za vurugu, na alama hizo zikafungua kazi mpya za hadithi na silaha mpya. Mchezaji angeweza kuuacha mji nusu, akamfuata mtu barabarani, akaharibu kituo cha mafuta njiani, na bado akawa amesogea mbele. Medici inasisitiza kwamba kisichomalizika hakihesabiki. Na kama kuna ushahidi kwamba watu waliipenda Panau kwa ajili ya uhuru wake zaidi ya orodha zake, ni ile programu ya mashabiki iliyotolewa rasmi kwenye duka la Steam mwaka 2013, iliyowaruhusu wachezaji kwa mamia kuingia kwenye visiwa hivyo kwa wakati mmoja bila hadithi yoyote. Watu waliingia ili kupanda juu ya ndege za wenzao, kuendesha mabasi kuelekea baharini, na kucheka. Toleo la tatu lilipotoka, halikuwa na sehemu rasmi ya kucheza pamoja. Lilileta majedwali ya kulinganisha rekodi, nani ameruka mbali zaidi kwa mabawa, nani ameharibu vingi zaidi kwa mfululizo. Hata urafiki ukawa hesabu.

Majedwali hayo ndiyo yananifikisha kwenye matatizo ya kiufundi, ambayo mchambuzi wenu aliyataja katika nusu ya sentensi na kusema kwamba hayamhusu mtu anayecheza leo. Wakati wa kutoka, mchezo ulitaka kuunganishwa na seva ili kulinganisha rekodi za mchezaji mmoja mmoja, na mawasiliano yalipokatika ulisimama ili ujaribu kuunganisha tena, ingawa mchezaji alikuwa peke yake kisiwani na hakuhitaji seva ya mtu yeyote ili kuangusha sanamu. Kwenye konsoli, kusubiri mchezo upakie kulikuwa kurefu kiasi cha kulalamikiwa kila kona, na kusubiri huko kulirudi mtu alipoanza changamoto na aliporudi kutoka humo. Vipimo vya wataalamu vilionyesha kwamba mchezo uliolenga picha 30 kwa sekunde ulishuka chini ya hapo mara tu milipuko ilipofuatana. Masahihisho yaliyotolewa baadaye yalipunguza muda wa kupakia, na mashine mpya zaidi zina nguvu ya kubeba kilichobaki. Hilo ni kweli, wala silipingi.

Hata hivyo, tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Mchezo wa kadi ukikwama kwa nusu sekunde hakuna aliyepoteza kitu. Mchezo huu umejengwa juu ya sekunde kumi na tano zile za helikopta na tangi, na hizo ndizo sekunde ambazo mashine ilielemewa. Ulitamba kwa moto, na moto ulipowaka picha zikaanza kuchechemea. Mkimbiaji anayejikwaa akiwa njiani kwenda uwanjani tunamsamehe. Huyu alijikwaa kwenye mstari wa kumalizia, kila mara, mbele ya waliolipa ili wamwone akimaliza. Wachambuzi waliotoa alama za juu na kuyaweka matatizo haya katika aya ya mwisho, kama vile ni doa kwenye kola, hawakuwatendea haki wasomaji wao. Na adhabu ya changamoto iliyoharibika ilikuwa kali mara mbili: aliyekosa pete moja angani alijua kwamba kujaribu tena kuna gharama ya kusubiri, kwa hiyo alichagua njia ya uhakika badala ya njia ya kijasiri. Tatizo la kiufundi likaanza kumfundisha mchezaji woga katika mchezo uliokusudiwa kumfundisha ujasiri.

Kuhusu hadithi nitasema kidogo, kwa kuwa ndipo mchambuzi wenu alipokaa zaidi. Ni hadithi nyepesi. Kuna rafiki wa utotoni, Mario Frigo, mwenye maneno mengi. Kuna mwanasayansi, Dimah al-Masri. Kuna madini ya kubuni yaitwayo Bavarium ambayo jenerali anayageuza kuwa silaha. Utani wake ni wa kupanda na kushuka, ila matangazo ya redio ya serikali, yanayosomwa kwa sauti ya mwigizaji David Tennant, yanachekesha kweli, hasa yanapogeuza kambi iliyolipuliwa kuwa habari njema. Ninachokubaliana na wakosoaji ni kwamba wakazi wa Medici ni wembamba mno kama watu. Unawalipulia kituo cha polisi mbele ya nyumba zao, nao wanashangilia bendera ikipanda, kisha wanaendelea kutembea barabarani kama jana. Rico anaitwa mkombozi na kila mtu isipokuwa mji wenyewe, ambao hauna la kusema.

Lipo jambo moja linalohusu jina la mfululizo ambalo uchambuzi wenu haukuligusa, nalo lingeupa uzito. "Just Cause", yaani "sababu ya haki", ndilo jina ambalo Marekani iliupa uvamizi wake wa Panama wa Desemba 1989, uliomwondoa madarakani Jenerali Manuel Noriega. Toleo la kwanza, lenye jasusi wa kigeni anayetua kwenye nchi ya kisiwa ili kumng'oa rais, linaweza kusomwa kama mzaha juu ya historia hiyo, na toleo la pili likauendeleza mzaha huo hadi kwenye mafuta. Toleo la tatu linaachana nao. Rico ameacha kazi yake ya ujasusi, amerudi nyumbani, na sababu yake sasa ni ya haki bila kejeli yoyote. Kwa kufanya hivyo mchezo umejiweka pagumu bila kujua: mgeni akibomoa mji ambao si wake, tunacheka kwa uchungu kidogo; mwenyeji akibomoa daraja ambalo watu wake wanalivuka kila siku, mtu huanza kujiuliza atalijenga nani. Mchezo haujiulizi. Sidai ungepaswa kuwa na huzuni, lakini walau bibi mmoja angetokea dirishani akamfokea Rico kwa ajili ya vigae vyake, ningecheka zaidi ya nilivyocheka kwa utani wote wa Mario.

Kwa nini nahangaika na mambo haya, wakati mchezo wenyewe umepita miaka mingi? Kwa sababu toleo la nne lilikuja mwezi Desemba 2018, na ndani yake tunaona yanayotokea lawama zinapotolewa kwa jumla. Wakosoaji walikuwa wamesema kwamba kukomboa miji kwa kuharibu orodha ya vitu kunachosha. Basi katika Solís, nchi ya kubuni ya Amerika Kusini, orodha hiyo iliondolewa. Badala yake maeneo yanatekwa kwa kusogeza mstari wa mbele wa jeshi la waasi kwenye ramani, na kabla ya kuusogeza mchezaji hufanya kazi maalumu: kubonyeza swichi, kumlinda mtu anayeingilia kompyuta, kulipua jenereta kadhaa zilizopangwa tayari, kisha kubonyeza swichi nyingine. Kulipua kwingine kote kukabaki kuwa njia ya kujaza kipimo cha vurugu kinachozalisha vikosi. Wakati huohuo kamba ya Rico ilifanywa kuwa chombo cha ajabu kuliko wakati wowote. Iliweza kuning'iniza kontena kwa maputo, kusukuma gari kwa injini ndogo za roketi, na kupangwa nguvu na mwelekeo apendavyo mchezaji, tena bila kumfungia kwa masharti mazito. Kukawa na kimbunga kikubwa kinachong'oa mapaa. Wakatoa vifaa vya mbunifu, wakaondoa karibu kila sababu ya kuvitumia. Yule aliyelalamikia orodha akapewa swichi.

Sisemi kwamba mchambuzi mmoja wa gazeti ndiye aliyesababisha hayo. Nasema kwamba neno "kinachosha" halimwambii fundi akaze wapi na alegeze wapi. Angeambiwa kwamba mchezo hautofautishi helikopta iliyofungwa kwenye tangi na bomu lililobandikwa kwenye tangi, angejua pa kuanzia: aufanye mji ukumbuke, askari wabadili ulinzi, vipaza sauti vikitangaza uongo kuhusu kile hasa nilichokifanya na si uongo wa jumla, kamba ya tatu ipatikane mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji moto upunguzwe.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mchambuzi anapoandika kuhusu mchezo wa namna hii, atuambie ameucheza kwenye mashine gani na baada ya masahihisho yapi, kwa kuwa Just Cause 3 ya siku ya kwanza kwenye konsoli na Just Cause 3 ya leo kwenye kompyuta yenye nguvu ni vitu viwili mbalimbali. Atuambie pia alifika wapi. Kwa jinsi alivyoandika kuhusu kamba, kwamba "inafaa kwa kupanda majengo", nina wasiwasi kwamba hakuwahi kufunga ncha mbili na kubonyeza kitufe cha kuivuta.

Nimalizie kwa sahihisho la jiografia, ingawa ni ya kubuni. Katika aya ya pili uchambuzi wenu umesema Medici iko Amerika Kusini. Iko Mediterania, ndiyo maana vijiji vyake vina mashamba ya mizabibu na mapaa ya vigae vyekundu. Ya Amerika Kusini ni Solís.

Wako,
Msomaji wa safu ya michezo ya video